Nta, maganda ya vitunguu na gauni la wiki tatu

Juzi kuna kastoma alishika gauni langu pale kibandani, akaligeuza ndani nje, akakwaruza kitambaa na ukucha, akaniuliza, "Hii kitenge imetoka wapi na mbona pembeni haina maandishi?" Nikamwambia mama hiyo si kitenge, ni batiki, nimechora mwenyewe na nta. Akaangalia bei. Akaniangalia mimi. Akarudisha kwa hanga polepole akasema atakuja mwisho wa mwezi, na mnajua ile mwisho wa mwezi ya kastoma haijawahi kuwa na tarehe.

Lakini swali lake lilinikaa kichwani kwa sababu kitenge na hiyo nguo yangu ni ndugu kabisa. Kitenge ni mjukuu wa batiki ya Java, kile kisiwa cha Indonesia. Waholanzi walikuwa wanatawala kule, wakaona watu wa Java wanavaa vitambaa vya nta, wakasema sisi tutatengeneza kwa mashine tuwauzie wenyewe, ndio viwanda kama Vlisco pale Helmond, Uholanzi, hicho kilianza 1846. Wajava hawakuvutiwa sana, nta ya mashine ilikuwa inapasuka inaacha mishipa mishipa ya rangi na kwao hiyo ni kazi mbaya, ila Afrika Magharibi watu wakaipenda hivyo hivyo na mishipa yake, na mpaka leo tunavaa harusini tukisema ni ya mababu. Sisemi vibaya, mimi kitenge kimenilisha miaka sita hapa Kondele, Kisumu.

Haya, mimi nilijipataje huko? Binamu yangu alipata ile skolashipu ya serikali ya Indonesia inaitwa Darmasiswa, akakaa Yogyakarta, mji wa huko Java, mwaka mzima, akarudi na begi limejaa Indomie kama vile Kisumu hakuna, na ndani ya soksi akanifungia canting tatu. Wanatamka chanting. Ni kama kalamu, ina mpini wa mwanzi na mbele kuna kakikombe ka shaba kenye mdomo mwembamba kama wa birika ya kuchezea watoto. Unachota nta ya moto, unapuliza kale kamdomo kasizibe, unachora. Penye nta rangi haiingii, kwisha. Iko pia ya kugonga na muhuri wa shaba, inaitwa cap, hiyo ilishika katikati ya karne ya 19 ili kazi iende mbio, lakini sina muhuri na fundi wa jua kali niliyemuuliza aliniitisha pesa ya pikipiki.

Nilianza na mishumaa tu. Makosa. Parafini peke yake ikikauka inavunjika kama papadi na rangi inaingia kila mahali. Wenyewe wanachanganya: nta ya nyuki ndio ipinde bila kuvunjika, utomvu wa msonobari ndio ing'ang'anie kitambaa, parafini kidogo ikipunguza gharama. Nta ya nyuki sasa natoa kwa mtu analeta kutoka Baringo, si bei rahisi, ila ukimaliza unachemsha kitambaa nta inaelea juu, unaitoa, unachuja, unatumia tena. Ile kilo yangu ya kwanza bado naizungusha mpaka leo.

Rangi ndio ilinitoa jasho. Nilitaka rangi za mimea kwa sababu kabla ya hapa nilikuwa kwa kikundi cha akina mama tunafanya taidai ya kemikali, hidrosi na kostiki, na jioni ndoo yote inamwagwa kwa mtaro, na mitaro yetu sisi mwisho wake ni ziwani, mtu yeyote wa Kisumu anajua. Na usidhani Indonesia wenyewe ni malaika, Mto Citarum kule Java umeharibiwa na viwanda vya nguo mpaka 2018 serikali ikaanzisha mpango mzima wa kuusafisha. Kwa hivyo nikasema maganda ya vitunguu. Kuna mama wa soko la Kibuye alikuwa ananipea gunia zima bure, anafurahi nimemwondolea takataka. Nikachemsha, nikapata rangi tamu ya dhahabu, nikatumbukiza kitambaa nilichochora siku nne.

Ikiwa bado moto.

Nta yote ikayeyuka, siku nne zikawa supu. Nilikaa kwa stuli nikaangalia tu hiyo sufuria. Rangi ya batiki lazima iwe baridi, kitu ambacho mtoto wa Java anajua kabla ya kutahiriwa na mimi hakuna mtu aliniambia. Kwa hivyo unachemsha leo, unaacha ilale, kesho unachovya, unaanika kivulini, unachovya tena, mimi nafika mara kumi hivi. Mwisho unaifungia rangi ndio isitoke, na hapa wana njia tatu: shabu, chokaa, au chumvi ya chuma. Vitunguu hivyo hivyo, ukifungia na shabu inabaki njano ya kung'aa, ukifungia na chuma inageuka kijani ya giza kama ya magwanda. Sufuria moja nguo mbili tofauti, hapo ndio nilipenda hii kazi kabisa.

Kuna kahawia yao maarufu ya Solo na Yogyakarta inaitwa soga, inachanganywa magome ya miti kadhaa, mmoja wanaita tingi. Nikatafuta jina la kisayansi, Ceriops tagal. Jamani, ni mkandaa! Mkandaa huu wetu wa Lamu na Kwale, wa boriti. Nilipiga nduru mpaka fundi wa viatu jirani akaja kuangalia. Sikuagiza lakini. Mikoko imekatwa ya kutosha, siwezi kuvua mti magome huko pwani ndio tajiri wa Milimani avae nguo aiite endelevu.

Michoro nayo nimekataa kukopi. Binamu alinionyesha parang, ile mistari ya kulala upande kama mawimbi, tamu sana, lakini zamani huko Yogyakarta ilikuwa ya jamaa ya kifalme peke yao, na mimi nani niiweke kwa mkoba wa kwenda sokoni? Halafu akanionyesha kawung, kumbe ni tunda la mti wa huko wa jamii ya mnazi limekatwa katikati. Aah, kwa hivyo wanachora wanachokula. Basi na mimi nikachora mgongo wazi. Ile mifupa ya samaki mbuta inabaki viwanda vikishatoa minofu ya kupeleka ng'ambo, tunakaangiwa Obunga, mtaa wa hapa Kisumu. Ukiilaza upande safu kwa safu inapendeza ajabu, na watu wa hapa wakiiona wanacheka kwanza ndio wanauliza bei.

Bei sasa. Gauni zima la kuchorwa linanila wiki tatu, na hakuna hesabu ya Kondele inayolipa wiki tatu. Mitumba iko hapo mita mia mbili, shati ni mia. Nimejaribu kubishana na hiyo nimeshindwa, kwa hivyo laini yangu ya kwanza ni mashati kumi na mbili ya kaliko, nta iko kola na mfukoni tu, hayo yamebaki manne. Gauni nimeacha moja likae kibandani liitane. Dani, yaani nyanya yangu, amelishika akasema ni zuri ila linanuka mshumaa kama kanisa, nimelifua mara mbili zaidi.

Jana nimeenda Kibuye kuchukua maganda. Yule mama amenitazama juu mpaka chini, aliona shati moja kwa mtu akaambiwa rangi ni ya nini. Gunia sasa ni shilingi hamsini, na nijijazie mwenyewe. Nimelipa.