Nguzo zangu, bolti za kabari, na ushauri wa "kaza tu"

Hakuna kazi inayozaa wataalamu wa ghafla kama kutoboa zege. Niliposema nataka kusimamisha kivuli cha gari, nguzo nne za chuma zilizofungwa kwa bolti za kabari juu ya sakafu ya zege iliyokwisha kukomaa, kila aliyepita alikuwa na neno. Nunua bolti nene. Toboa tundu dogo ili ibane. Mwaga uji wa saruji tunduni kwanza. Na wimbo wa wote: kaza mpaka mkono ugome. Yote manne ni makosa, na nguzo zangu zimesimama kwa sababu sikufuata hata moja.

Itazame bolti yenyewe kabla hujamsikiliza mtu. Juu ina meno, nati na washa. Chini imebanwa kiunoni kisha inapanuka umbo la koni, na hapo kiunoni imevishwa kipete chembamba cha bati. Ukikaza nati, bolti inavutwa juu, koni inapanda ndani ya kipete, kipete kinatanuka na kuuma ukuta wa tundu. Basi. Hakuna gundi wala uchawi. Kinachokushikia paa upepo unapolivuta juu ni ukuta wa tundu lako, na tundu likiwa bovu, unene wa bolti ni hasara tu ya fedha. Ndiyo maana uji wa saruji ni upuuzi: unakipa kipete utelezi mahali ambapo kilihitaji kukwaruza. Na ndiyo maana bolti hizi haziwekwi kwenye tofali lenye uwazi ndani, wala kwenye zege la wiki iliyopita. Zege lipe siku zake 28.

Biti, kile chuma cha drili kinachotoboa, iwe ya kipenyo kilekile cha bolti. Bolti ya milimita 12, biti ya milimita 12. Shemeji hakukubali.

"Shemeji, wewe unasoma sana. Tundu likilingana na bolti, bolti itacheza."

Nikampa pande la zege lililobaki nyuma ya nyumba afanye majaribio yake, nikavuta kiti. Akatoboa kwa biti ya 10, akaisimamisha bolti ya 12, akaanza na nyundo ya kawaida. Iliingia upana wa kidole, ikagoma. Akaenda kuleta nyundo kubwa. Nati hakuivisha juu ya meno kabla ya kupiga, kwa hiyo kila pigo lilichanua kichwa cha bolti na kulaza meno mawili matatu. Kipete kilikuwa kimeshajikunja mlangoni mwa tundu. Nilikiona kikitokeza pembeni. Pigo la mwisho lilimega zege kipande cha ukubwa wa kiganja, na bolti ikabaki imeinama, haiingii, haitoki, nati haivai. Tukaikata kwa grainda. Shemeji akafuta jasho akasema bolti za siku hizi ni mbovu.

Ubishi wake wa pili ulikuwa ukubwa. Yeye alitaka 16. Mimi nilichukua utepe wa kupimia, kwa sababu matundu ya bamba la chini la nguzo yalikuwa yameachana milimita 130. Kanuni inayotumika sana ni kwamba bolti na bolti ziachane angalau mara kumi ya kipenyo, na kutoka ukingo wa zege angalau mara tano. Kwa 12 hiyo ni milimita 120 na 60: tumepita. Kwa 16 ni 160 na 80: bolti zingeanza kugombania zege moja, na zile za upande wa nje zingeupasua ukingo. Kwenye bamba dogo, bolti nene inaweza kukupunguzia nguvu. Hilo bado hajalikubali hadi leo.

Urefu nilijumlisha: kina ndani ya zege, unene wa bamba, kisha nafasi ya nati na washa. Nikachukua za milimita 100. Na kwa kuwa mvua inafika pale, nilichagua zilizochovywa kwenye zinki ya moto. Zile zinazong'aa vizuri dukani, zenye zinki nyembamba, ni za ndani palipo pakavu. Karibu na bahari ningelipa zaidi nikachukua chuma cha pua, na ningenung'unika huku nikilipa.

Drili nilikodi, ya nyundo ya kweli, yenye biti za SDS, zile zenye mifereji kwenye shina zinazojifunga zenyewe kwenye drili. Hii drili ya nyumbani yenye alama ya kinyundo itakutoboleza tundu moja kwa nusu saa na kukuachia mdomo mpana. Nilizungushia biti utepe wa plastiki kuonyesha kina, nikaongeza zaidi ya sentimita moja kupita pale bolti itakapofika, ili vumbi litakalobaki lipate pa kukaa. Tundu refu lina faida nyingine niliyoipenda: siku ukiihamisha nguzo, bolti ya kabari haitoki tena, lakini unaweza kuikata na kuigonga ishuke chini ya uso wa zege, ukapiga lipu juu. Ila usitoboe hadi utokee upande wa pili. Sakafu yangu ni ya milimita 120, nikaishia 90.

Kwenye nguzo ya tatu, sauti ya drili ilibadilika ikawa kali, na vumbi likakoma kutoka. Nondo. Usishindane nayo. Nilisogeza bamba kuelekea ndani, nikaliziba tundu lile kwa chokaa kizito cha saruji, nikaanza upya.

Sasa usafi, ambao hakuna mshauri hata mmoja aliyeutaja. Brashi ya waya ya duara, halafu upepo, halafu brashi tena, halafu upepo. Upepo wangu ulitoka kwenye pampu ya baiskeli niliyoifunga kimpira chembamba kifike chini kabisa. Vaa miwani na barakoa; vumbi la zege si la kuvuta. Lililotoka kwenye tundu nililodhani ni safi lilijaza kiganja.

Bolti nikaigonga kupitia tundu la bamba, nati ikiwa imevaa usawa wa kichwa ili nyundo isiguse meno. Kisha spana: baada ya kukaza kwa vidole, mizunguko mitatu hadi mitano inaleta mkazo. Mkazo wenyewe umeandikwa kwenye boksi, na ukiupita unavuta bolti hadi iachie au zege lipasuke. Mkazo hupungua wenyewe saa chache baadaye. Ni kawaida yake, usikimbilie spana.

Moja ilinisumbua. Nati na bolti zikawa zinazunguka pamoja, kwa sababu kokoto ngumu iliiyumbisha biti na mdomo wa tundu ukapanuka. Shemeji akasema ing'oe, na hapo ndipo nilipopata raha yangu. Nilipenyeza bisibisi bapa mbili chini ya washa, moja kila upande, nikamwambia azikandamize ili bolti ivutwe juu, mimi nikizungusha nati polepole. Robo mzunguko, hakuna kitu. Nusu, ikateleza. Kisha nikasikia mkwaruzo mdogo chini, spana ikawa nzito mkononi, koni imeshika. Ingeendelea kuzunguka baada ya hapo, ningeiacha na kutafuta tundu jingine. Ilishika mizunguko minne, ikafikia mkazo uleule wa wenzake, na kesho yake nikapandisha mabati.