Moshi Asiouona Dereva

Neno la juma: "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake? Unitakase na mambo ya siri." (Zaburi 19:12)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi na mke wangu tulijaliwa kuzunguka majuma matatu magharibi mwa Marekani kwa gari-nyumba, lile basi lenye kitanda, jiko na choo ndani kwa ndani. Nyuma yake tulikokota gari letu dogo. Wengi wameniuliza: mtu anayetembea na nyumba nzima anahangaika na gari la pili la nini? Jibu liko milimani. Kwenye hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, kuna barabara inaitwa Going-to-the-Sun, iliyozinduliwa mwaka 1933. Imechongwa ubavuni mwa mlima, inapanda mpaka Logan Pass, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Gari linalozidi futi 21, yaani kama mita 6.4, haliruhusiwi kupita sehemu ile ya juu. Letu lilikuwa na zaidi ya mita 9. Ukitaka kufika kule, kubwa unaliacha chini, unapanda na dogo.

Basi tukakokota. Gari linakwenda na magurudumu yake yote manne chini, limeshikwa kwa mbele na mkono wa chuma. Kuna minyororo ya usalama, kuna waya wa taa, kuna breki ya ziada. Usukani usijifunge, gia iwe frii, handibreki iwe imeachiwa. Na si kila gari linafaa: yapo mengi ya otomatiki ambayo giaboksi lake hufa njiani, kwa kuwa injini imezimwa na mafuta hayazunguki ndani. Hayo yote nilikuwa nayo kwenye karatasi. Nikaisoma siku mbili za kwanza, nikaona nimeyashika, nikaitia kwenye droo.

Siku ya tatu niliingia kituo cha mafuta ambacho kwa mbele hakikuwa na pa kutokea. Gari likiwa limefungwa namna ile huwezi kupiga rivasi. Ukijaribu, magurudumu ya mbele ya lile dogo yanajipinda upande wake na ule mkono wa chuma unaweza kukunjika. Dawa yake ni kufungua, na ukiwa umesimama mshazari pini nazo zinakwama. Nikapiga magoti kwenye lami yenye mafuta nikizigonga kwa nyundo, watu wamepanga foleni wananitazama. Kabla hatujaingia mke wangu alikuwa ameniambia, "Baba, pale hatutoki." Nilichomjibu sikiandiki hapa.

Lakini si hilo lililonifanya niandike.

Baada ya siku chache tulikuwa Yellowstone, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1872. Tulikaa mbele ya Old Faithful pamoja na umati, tukasubiri, mara ardhi ikaanza kutema maji ya moto na mvuke kwenda juu. Mke wangu akasema kwa sauti, "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake." Nikaitikia amina. Tukaishia hapo, mstari wa kwanza, na nadhani si sisi peke yetu tunaoishia hapo kwenye Zaburi ya 19. Ni zaburi ya kusomea mandhari. Unaisoma, unapiga picha, unaondoka.

Kesho yake tuliamka hatusemezani vizuri. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, kuhusu saa ya kuondoka. Akatoka nje kunisaidia kuunganisha, nikamwambia, "Acha, nitafanya mwenyewe." Akarudi ndani. Nikaunganisha, nikatikisa mnyororo mmoja kwa mguu, tukaondoka.

Gari-nyumba lina kamera ya nyuma, na skrini yake iko karibu na usukani. Nilikuwa naitazama kila baada ya muda, naona boneti ya gari letu inang'aa, imenyooka, inafuata vizuri kabisa. Na injini ya gari la tani kadhaa haina habari na kijigari kinachosuasua nyuma. Kwangu mimi kila kitu kilikuwa sawa.

Mke wangu akasema ananusa kitu kinaungua. Nikamwambia ni breki za malori, tunateremka. Akanyamaza. Lori lililokuwa nyuma yetu likaanza kuniwashia taa. Nikalaumu: ana haraka gani huyu? Nikasogea pembeni apite. Hakupita. Akaendelea kuwasha taa, akapiga honi, mwishowe akaja ubavuni, akashusha kioo na kunyoosha kidole nyuma. Uso wake hata haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayemwona mtoto karibu na kisima.

Tulipopata pa kusimama, nikaenda nyuma. Magurudumu mawili ya nyuma yalikuwa yanatoa moshi mweupe, na rimu ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kusogeza mkono. Nikafungua mlango. Handibreki ilikuwa imevutwa nusu. Imevutwa na mkono wangu mwenyewe usiku uliopita, na karatasi iliyosema "achia" iko kwenye droo. Kilomita 20 nzima nimelivuta gari lililokuwa linapigana nami, na nikafurahia boneti.

Fundi alihitaji siku mbili kubadilisha breki na tairi. Kwenye siku hizo mbili ndipo niliposoma Zaburi ya 19 mpaka mwisho. Anayesema mbingu zahubiri ndiye yule yule anayegeuka baadaye na kuuliza ni nani awezaye kuyatambua makosa yake. Hasemi makosa anayoyajua akayaficha. Hayo ana zaburi nyingine za kuyalilia. Hapa anazungumzia yale asiyoyaona kabisa. Torati nayo iliyajua, ndiyo maana Mambo ya Walawi sura ya 4 inatoa sadaka kwa ajili ya aliyekosa pasipo kukusudia, hata kwa kusanyiko zima ambalo neno limefichika machoni pake. Zamani sura hiyo niliiona ya kuchosha.

Na Daudi mwenyewe, mwenye zaburi hii, hakuonyeshwa lake akiwa peke yake akitazama nyota. Alionyeshwa na mtu aliyeingia nyumbani kwake na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake. Alikikasirikia kile kisa vizuri sana, kwa haki kabisa, mpaka mtu huyo, nabii Nathani, alipomwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Samweli 12:7). Nafikiri juu ya skrini yangu. Ilikuwa kamera nzuri, haikunidanganya hata kidogo, ila ilitazama boneti tu. Kujichunguza kwangu mara nyingi ni hivyo hivyo. Najiuliza yale ambayo majibu yake tayari yanang'aa: nimesali, nimetoa, sijaiba. Anayenusa kuungua ni aliyekaa kiti cha pembeni, na anayeuona moshi ni wa nyuma, ambaye mimi namwona msumbufu.

Logan Pass tulifika, na gari dogo, breki mpya. Theluji ilikuwa bado imelala kwenye miamba. Mke wangu hakunukuu chochote, na mimi sikumwomba.

Toka siku hiyo yeye ndiye anayekagua. Kila tunaposimama anazunguka gari dogo, anaweka mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu, na mimi nabaki nimeshika usukani nikimsubiri. Siku moja akarudi dirishani akasema, "Baba, la kushoto lina joto kuliko la kulia." Tulikuwa tumechelewa tayari, na kwa kweli niliamini ni jua tu la upande ule. Nikazima injini, nikaenda kubandika maji ya chai.