Nilivyopambana na miwati kwenye kinyungu chetu Mufindi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kiberiti.

Kinyungu chetu kiko Mufindi, kwenye kibonde ambacho maji yake huishia Ruaha Mdogo. Kwa wasioijua Iringa, kinyungu ni bustani ya bondeni: unainua matuta kwenye udongo wenye unyevu, unakula mahindi mabichi na maharage wakati wenzako wa mlimani bado wanasubiri mvua. Juu yake kuna chemchemi aliyokuwa akichota bibi mwaka mzima. Baba mdogo aliponikabidhi eneo mwaka 2017, miti ya miwati ilikuwa imeshonana mpaka ukingoni, kulikuwa na milingoti (mikaratusi) sita mikubwa, na ikifika Septemba kwenye chemchemi palibaki tope tu.

Miwati asili yake ni Australia. Ililetwa huku kwa ajili ya magome, ambayo hutengenezea ngozi. Siichukii, mkaa wake ni mzuri na kuni zake zinashika moto hata siku ya ukungu. Ila haikai ulipoipanda.

Basi nikafyeka, nikarundika matawi, Oktoba nikachoma. Pakawa peupe, nikajisifu. Mvua zilipoanza, palepale nilipochoma miche ilitoka kama mtu kasia ulezi. Mzee jirani alipita, tukasalimiana kamwene, akatazama akacheka. "Mwanangu, hizo mbegu umezichemshia maji." Baadaye nilimwelewa. Mbegu ya miwati ina ganda gumu sana, na wenye vitalu huimwagia maji yaliyochemka ili iote. Moto unafanya kazi hiyohiyo. Isiyoguswa inaweza kulala ardhini miaka mingi sana, ikisubiri.

Tangu hapo sijawasha moto bondeni. Miche iliyo chini ya goti naing'oa kwa mkono kati ya Januari na Machi, udongo ukiwa umelowa. Unashika shinani kabisa, unavuta polepole mpaka mzizi wote utoke na vijinundu vyake. Ukivuta kwa hasira unakatika, na uliokatika unaweza kuchipua. Ile mikubwa niliacha kuikata. Niliibambua magome kuanzia usawa wa kiuno hadi chini ya udongo, nikifukua kidogo kuzunguka shina. Wakati wa mvua gome linavuka kama ganda la ndizi. Nilijaribu Julai nikaambulia malengelenge. Vidole vilibaki vyeusi wiki nzima, sabuni haikusaidia. Mti uliobambuliwa unakauka ukiwa umesimama, kwa hiyo ardhi haipigwi na jua lote kwa siku moja, na miche mipya inakuwa michache.

Milingoti ilileta ugomvi wa ukoo. Baba mdogo alisema kila mmoja ni karo ya mtoto, na hakukosea. Nilimwambia habari ya Sheria ya Mazingira ya 2004 na zile mita 60 kutoka ukingo wa mto zinazotakiwa kulindwa, akaniuliza kama nimekipima kinyungu chenyewe. Nikakipima kwa hatua. Nusu ya matuta yangu yalikuwa ndani! Tukaelewana hivi: milingoti inauzwa nguzo na hela yote anachukua yeye, mimi naacha matuta yote ya upande wa chemchemi. Visiki bado vinachipua. Kila baada ya miezi michache navunja machipukizi kwa kisogo cha shoka, na viwili mpaka leo havijakubali kufa.

Kupanda nako kulinifundisha adabu. Mti wa maji wa kwetu ni mvengi, ule wa matunda ya zambarau ambayo watoto hula mpaka ulimi unabadilika rangi. Mtoni ilibaki mitatu. Niliokota matunda, nikayaanika juani kama maharage ya mbegu, nikajaza viriba 80 vya miche. Haikuota hata moja. Mbegu ya mvengi ikikauka imekufa, hakuna cha kuhifadhi. Msimu uliofuata niliokota yaliyoanguka asubuhi, nikayaosha nyama kwenye ndoo, nikasia kabla ya jioni. Viriba 57 viliota.

Nikaipanda mvua zilipoanza, na Juni sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ikaunguza ile ya chini kabisa, maana ubaridi wa usiku hutuama bondeni kama maji. Sasa kila mche mdogo unajengewa kibanda cha nyasi. Matete sikuyapanda. Yalirudi yenyewe nilipoacha kulima, na kwa wivu fulani nilikiri kwamba yamefanya kazi nzuri kuliko mimi.

Oktoba iliyopita baba mdogo alikuja na ndoo ya lita 20, akaitega kwenye bomba la mwanzi tulilochomeka chini ya chemchemi, akatoa simu kupima muda. Ilijaa kwa dakika sita. Sisemi ni miti peke yake, kwani mvua za msimu ule zilikuwa nzuri. Yeye hakusema kitu. Aliibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Mwaka huu nimeng'oa miche 41 ya miwati eneo zima. Mwaka wa kwanza niliacha kuhesabu nilipofika mia nne, na nilikuwa sijamaliza tuta moja.