Usiku Tuliopanga Bendi Kwenye Boksi la Ndizi

Kabla sijaenda Uingereza nilikuwa papasi. Mtu wa Unguja hahitaji maelezo, lakini kwa ndugu zangu wa bara niseme tu kwamba papasi ni yule kijana anayemganda mtalii tangu anashuka boti bandarini Malindi, amtafutie hoteli, amuuzie safari ya mashamba ya viungo, na njiani ampigie porojo. Porojo zilizonilisha kuliko zote zilikuwa za nyumba ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Nawapeleka wageni Shangani, Barabara ya Kenyatta, nawasimamisha, nanyoosha kidole juu: "Chumba chake kile, dirisha la pili. Hapo ndipo alipojifunzia kinanda." Dirisha la pili nililitunga mwenyewe. Papasi mwenzangu alikuwa na nyumba yake nyingine, mtaa mwengine kabisa, nayo ina dirisha lake, na sote wawili tulikuwa tunalipwa.

Nyimbo za Queen nilikuwa siijui hata moja, ukiacha ile ya mabingwa wanayoipiga kwenye fainali za mpira. Redio ya kwetu ilikuwa ya taarabu, taarifa ya habari na vifo.

Nayatanguliza haya mjue niliingia na mtaji gani katika ubishi wa bendi ipi ya rock ni kubwa kuliko zote, usiku ule wa Januari 2010, Birmingham, mbele ya watu waliolishwa rock tangu utotoni.

Nilikuwa nafanya kazi ghala la matunda, zamu ya usiku, kupakia maroli ya alfajiri. Wiki ile theluji ilifunga nchi nzima. Maroli yamekwama barabarani, sisi tumejazana kantini na reflekta zetu, mikono imekumbatia vikombe vya chai, tunalipwa kwa kukaa. Msimamizi alipita mara mbili akitutazama kama mtu anayetazama mita ya maji inavyozunguka.

Redio ikataja bendi fulani kuwa kubwa kuliko zote duniani. Siikumbuki ilikuwa ipi, maana mzee mmoja wa Aston, mtaa wa humohumo Birmingham, alinyanyuka akaizima kabla mtangazaji hajamaliza sentensi.

Mzee huyu alikuwa amebakisha miezi michache astaafu. Kando yake kulikuwa na Mpoland mmoja mwenye ndevu, na mama mmoja wa Handsworth, mtaa wa jirani, ambaye wazazi wake walitoka Jamaika. Mpoland ndiye aliyechukua kifuniko cha boksi la ndizi na kalamu ya maka, akaandika moja mpaka kumi, na kwenye moja, bila kumuuliza mtu, akaandika Led Zeppelin.

Akaombwa sababu. Akasema mwaka 1980 mpiga ngoma wao, John Bonham, alikufa, na kabla mwaka haujaisha waliobaki wakatangaza kuwa basi, hakuna bendi tena. "Bendi inayoweza kubadilisha watu kama mpira unavyobadilisha wachezaji, hiyo ni kampuni," alisema. Alikua wakati wa ukomunisti, akirekodi kaseti kutoka redioni usiku, kidole juu ya kitufe, akiomba mtangazaji asizungumze katikati ya wimbo. Mtu wa namna hiyo humbishii kirahisi.

Mama wa Handsworth akambishia. "Uliza kwanza hizo nyimbo walizipata wapi," alisema. Akamtaja Willie Dixon, mtunzi wa blues wa Chicago, aliyewashtaki Zeppelin mwaka 1985 kwa kuchukua maneno yake kwenye wimbo wao mkubwa, wakamalizana nje ya mahakama baada ya miaka miwili. Akaenda kwa Rolling Stones: hata jina lenyewe wamelitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters. "Mnapanga wapangaji," alisema, "mwenye nyumba hamumtaji."

Beatles hawakubishaniwa. Mzee alisema hao waandikwe juu ya orodha, nje ya namba, na kila mtu akaitikia kwa kichwa. Nikaelewa mara moja. Kwetu nako huwezi kumweka Siti binti Saad kwenye mashindano.

Zamu ya mzee ilipofika hakusema kitu. Aliuweka mkono wa kulia juu ya meza, kiganja chini, karibu na sukari. Kidole cha kati kiliishia kabla ya kucha. Miezi yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kukiona, kwa sababu ghalani tunavaa glovu. Mashine ya kukata bati, alisema, kiwanda ambacho sasa ni maegesho ya magari. Halafu akatueleza habari ya Tony Iommi, kijana wa Aston hiyohiyo, miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kabla ya kwenda kujaribu maisha ya muziki. Mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye anapiga gitaa kwa kushoto, kwa hiyo mkono uliokatwa ndio ule wa kubania nyuzi.

"Sasa wewe ungefanya nini?" aliniuliza mimi, sijui kwa nini mimi.

Nikasema ningerudi kwetu.

Iommi aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vikofia vya vidole, akavifunika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba. Baadaye akazilegeza ziwe rahisi kubana, sauti ikashuka, ikawa nzito, kama mlango wa chuma unaburutwa sakafuni. Yeye na wenzake wakaiita bendi Black Sabbath, santuri ya kwanza wakairekodi karibu yote kwa siku moja, ikatoka Februari 1970. Hoja ya mzee ilikuwa fupi: iondoe bendi moja kwenye historia, uone kinachobaki. Ukiwaondoa Sabbath, muziki wote wa metali umekwenda nao. Ukiwaondoa wengine, umepungukiwa nyimbo nzuri tu.

Mpaka leo sijasikia kipimo bora kuliko hicho. Lakini usiku ule sikutaka kipimo, nilitaka kushinda.

Nikasimama. Kweli nilisimama, kama niko mbele ya wageni Shangani. Nikawaambia mwimbaji mkubwa kuliko wote katoka kwetu, kazaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, ndiye huyo Freddie Mercury, Mparsi, baba yake keshia wa mahakama ya wakoloni. Familia ikakimbia baada ya Mapinduzi ya 1964. Nikawaambia uwanja wa Wembley, tamasha la Live Aid, Julai 1985, watu 72,000 wanapiga makofi kwa pamoja, na yeye ana dakika kama ishirini tu jukwaani. Nikawaambia ndani ya ule wimbo mrefu wa Queen, Bohemian Rhapsody, mna bismillahi, na hiyo hakuifundishwa London. (Hili la mwisho nililiongeza chumvi. Nani ajuaye alilitoa wapi.)

Mpoland akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akauliza: "Santuri yao ipi unaipenda zaidi?"

"Zote," nikasema.

"Zote! Hata ile ya disko ya 1982?"

"Hiyo hasa."

Kantini ililipuka. Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye reflekta. Mimi sikujua kosa langu ni nini. Sikujua kama hiyo ndiyo santuri ambayo mashabiki wenyewe wa Queen huiombea udhuru. Wiki iliyofuata mzee alinirushia CD moja ya mwaka 1974, akaniambia, "Sikiliza kwanza, ndipo ubishe." Bado ninayo, kifuniko kimepasuka.

Lakini aliyenikalisha chini ni yule mama. Alingoja kicheko kiishe.

"Oktoba 1984," alisema, "huyo wa kwenu alikuwa wapi?"

Sikujua.

"Sun City. Afrika Kusini ya Makaburu. Umoja wa Mataifa umesema wanamuziki wasiende, wao wakaenda, wakapiga. Mwezi huohuo mimi nilikuwa nasimama nje ya duka na mabango, nawaomba watu wasinunue zabibu za Cape." Akaelekeza kidevu upande wa ghala. Usiku ule tulikuwa na zabibu za Cape zimepangwa mpaka juu, zinangoja maroli. "Na Beatles mnawaweka juu ya namba. Sawa, kwa sababu 1964, Jacksonville, Florida, walisema hawapigi kama weusi wanakalishwa mbali na weupe. Miaka ishirini kabla ya hao wako."

Mwanangu, nilihisi uso unawaka. Mimi ni mtoto wa nchi iliyowapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini ardhi kule Mazimbu, Morogoro. Mandela alipotoka gerezani tulipangwa mstari shuleni tukaimba. Na nimekula, kwa miaka, hela ya dirisha la mtu aliyekwenda Sun City, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuniuliza, wala mimi kuuliza.

Cha ajabu, mzee wa Aston ndiye aliyemtetea. "Tunapanga muziki," alisema, "au tunapanga watu?"

"Nani kakwambia vinaachana?" mama akamjibu. "Wewe mwenyewe umetuwekea kidole mezani."

Mzee akautazama mkono wake, akauondoa.

Hapo ubishi ukaacha kuwa wa mzaha. Mpoland akafuta Zeppelin kwenye moja, akawashusha mbili, Sabbath wakapanda. Pink Floyd wakaingia bila kelele. Deep Purple walipigiwa kura, nimesahau waliangukia wapi. Mama alinyakua kalamu akaandika Steel Pulse, vijana wa Handsworth, kwa herufi kubwa zilizokula mistari miwili. Mpoland akalalamika kwamba hiyo ni rege. "Ndiyo," mama alisema, akairudisha kalamu kwenye kifuniko chake, tak.

Kisha akanisukumia boksi. Hakuniambia niandike nini. Nafasi zilizobaki zilikuwa ya sita na ya tisa. Nilikaa na kalamu kwa muda, wote wanangoja. Nikaandika Queen kwenye sita. Mama akasoma, hakusema neno, akaniongezea chai.

Maroli yaliingia saa kumi kasoro alfajiri, yote kwa mpigo, na msimamizi akaanza kupiga kelele za usiku mzima kwa dakika tano. Tulikimbia kila mtu na upande wake. Saa moja na nusu, tunavua glovu, Mpoland akasimama ghafla katikati ya ghala akitazama huku na huku.

"Kifuniko," alisema.

Nilikuwa nimekifunika mimi mwenyewe, bila kufikiri, juu ya boksi lake la ndizi. Roli la Wolverhampton lilikuwa limeshaondoka.