Kasha la chanjo: adui alikuwa baridi

Hatimaye kiashiria cha kuganda, kinachokaa ndani ya kasha la chanjo, kimerudi zahanatini kikiwa na alama ya vema. Katika safari tatu za huduma ya mkoba (kupeleka chanjo vijijini) kabla ya hii, kuanzia Mei, kilionyesha msalaba, yaani kasha lilikuwa limekaa chini ya nyuzi −0.5 kwa saa nzima.

Sote tumefundishwa kuliogopa jua, ilhali asubuhi za Juni na Julai huku Makete huwa na sakitu. Safari ya kwanza niliuona msalaba baada ya kurudi. Nilichukua kichupa cha Penta, chanjo ya magonjwa matano inayoharibika ikiganda, nikakitikisa pamoja na kingine nilichokuwa nimekigandisha makusudi usiku kucha na kukiyeyusha, kisha nikaviweka mezani. Kabla ya nusu saa kupita vyote viwili vilikuwa vimetuama kwa mwendo uleule, mashapo chini na maji maangavu juu, dalili kwamba hata kile cha kwenye kasha kiliharibiwa na kuganda. Ikabidi watoto waliochomwa siku ile waitwe warudie. Safari mbili zilizofuata niliuona kijijini, mbele ya akina mama waliokuwa wametembea saa mbili, na sikuwa na la kuwaambia.

Kiashiria cha joto kilichobandikwa kwenye kichupa hakikunisaidia chochote, kwa kuwa hukumbuka joto tu. Nadhani tunakisifu kupita kiasi.

Kosa lilikuwa kwenye vipakiti vya barafu vinavyopoza kasha. Vinapaswa kuachwa mezani hadi maji yasikike ndani vikitikiswa, lakini kwenye sakitu hilo lilichukua zaidi ya saa moja, na dereva wa pikipiki alikuwa akinisubiri nje. Nilijaribu magazeti, nikajaribu sponji nene, hata nikavisogeza karibu na jiko, vikayeyuka upande mmoja tu.

Ndipo nikajiuliza kwa nini nivigandishe kabisa. Safari hii nilivijaza maji na kuvilaza ndani ya jokofu la chanjo, penye nyuzi 2 hadi 8. Kipimajoto kilisoma 5 tulipoondoka na 7 tuliporudi saa nane mchana. Mwenzangu aliye bonde la Usangu, kwenye joto, nisingemshauri hivyo.

Mwezi huu nilikusudia kukamilisha orodha ya watoto waliokatisha chanjo, lakini imesimama. Vipakiti vinne vya maji ya uvuguvugu vikiingia kwa pamoja hulipandisha joto jokofu letu la sola, basi kila jioni ninajaribu viwili viwili na kuandika nyuzi kila baada ya saa.