Siku moja na mashine ya kuskani, Ngamiani

Saa 1 asubuhi nipo dukani, mbaazi na maandazi vimeshashuka tumboni. Kazi ya kwanza ni kuzitoa mashine kwenye kitako cha kuchajia na kutazama betri. Watu wa hapa Tanga wakiniona nayo kiunoni huniuliza, "Dada, hiyo simu gani?" Si simu, ingawa ndani ina Android. Ni kompyuta ya mkononi: ina kumbukumbu yake, ina programu ya stoo, na kichwani ina jicho la kusomea bakodi, ile mistari myeusi yenye namba chini yake kwenye bidhaa. Ile ya kaunta yenye umbo la bastola ndiyo skana. Yenyewe haihifadhi hesabu, inasoma na kuipelekea kompyuta ya mezani. Vijana wa stoo nawahimiza wazitofautishe, maana mtu akipiga kelele "mashine imekufa!" nami niko juu ya ngazi, nahitaji kujua nishuke na betri au nikakague waya.

Saa 2 mpaka saa 6 ni kuhesabu. Pii, pii, pii. Nyuma ya stoo waifai haifiki, basi mashine inatunza hesabu na kuzituma nikirudi mbele. Mteja mmoja aliniuliza kama 620 mwanzoni mwa namba ya bakodi maana yake ni mali ya Tanzania. Nikamweleza kuwa hiyo inaonyesha namba ilisajiliwa Tanzania. Bidhaa yenyewe inaweza kutengenezwa popote.

Saa 7 na nusu nikaitwa getini. Mama mmoja wa Pangani, mteja wetu wa siku nyingi, mkokoteni wake umeshapakiwa kartoni 12 za vitu mbalimbali. Karatasi ya mlinzi inasema kartoni 11 na kipande 1 cha sabuni. Hatoki mtu.

"Mwanangu, mimi nanunua hapa tangu hujaajiriwa. Leo naitwa mwizi mbele za watu?"

"Hakuna aliyekuita mwizi, mama. Nisamehe. Nipe dakika tano."

Hazikuwa tano. Tulishusha kartoni zote juani, moja moja, mpaka tukaiona ya sabuni imefunguliwa kona. Juu ya bakodi yake palipita selotepu inayong'aa. Mwanga wa mashine ukipiga pale unarudi kama kwenye kioo, mistari haisomeki. Kijana mgeni kazini alipoona imegoma, akachomoa sabuni moja akaskani hiyo. Mashine ikalia pii ileile. Lakini namba ya kipande ina tarakimu 13, ya kartoni ina 14, na kompyuta ikaandika ilichoonyeshwa: kipande.

Niliinamisha mashine, nikaisogeza mbali, nikaikinga jua kwa mkono. Wapi. Nikabandua selotepu, ikaondoka na wino. Ilikuwa kartoni ya mwisho stoo, na kutafuta kwa jina hakufai kwa sababu sabuni ile ina kartoni za aina tatu, kila moja na namba yake. Nikaandika tarakimu kwa kidole. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa. Jasho linadondokea kioo, na kioo kikilowa hakisikii kidole.

"Basi langu je?" Sikuwa na jibu.

Nikachukua kalamu. Tarakimu ya mwisho kazi yake ni kulinda zilizotangulia: ya kwanza unaizidisha mara 3, ya pili unaiacha ilivyo, ya tatu mara 3 tena, hivyo hivyo mpaka ya 13. Unajumlisha, na ya 14 ukiiongeza lazima jumla iishie na sifuri, ikamilishe kumi. Yangu haikukamilisha. Nikaangalia pale wino ulipobanduka: niliyosoma 3 ilikuwa 8. Nikajumlisha upya, ikakaa. Nikaandika. Pii.

Mama alishika mkono wangu, akasema, "Haya, mwanangu," akapanda bajaji na mizigo ikamfuata.

Mchana ule uliobaki siukumbuki vizuri. Kidole gumba kilivimba, rafu za nyuma zikabaki. Magharibi narudisha mashine kwenye kitako, yule kijana bado yupo, kakaa juu ya ndoo na kipande cha boksi mapajani.

"Dada, ile ya mara tatu inaanzia kushoto au kulia?"

Nikavuta ndoo nyingine.