Fungu moja la mnafu: ninavyoishi na valvu ya chuma

Usiku nyumba ikitulia, nikilala ubavu wa kushoto, moyo wangu unasikika. Tik, tik, tik. Mwanangu alipokuwa mdogo alikuwa akiinua mto kutafuta saa. Hakuna saa. Ni valvu, yaani mlango wa moyo, niliyowekewa mwaka 2019, ambayo watu huiita ya chuma ingawa vibawa vyake vimetengenezwa kwa kaboni ngumu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi. Naandika kwa ajili ya mtu aliyerudi nyumbani na kovu kifuani na kadi ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, mkononi, kwa sababu upasuaji wenyewe ulichukua saa chache, lakini hiyo kadi ni ya maisha.

Nilikulia Kibosho. Kila ikifika baridi ya mwezi wa sita na wa saba, koo langu lilikuwa linavimba hata mate yakawa hayamezeki. Mama alinisukutulisha maji ya chumvi, na mwaka mmoja akanipeleka kwa mzee aliyekuwa akikata vimeo. Simlaumu mama hata kidogo, maana ndivyo kina mama wote wa pale walivyokuwa wakiwatibu watoto wao. Lakini kimeo hakikuwa na kosa. Yale yalikuwa mafindofindo ya bakteria, na bakteria hawafi kwa kisu. Nikiwa darasa la nne goti la kulia likavimba, likapoa, maumivu yakahamia kwenye kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Wakasema ni baridi, nikachuliwa kwa mafuta.

Leo najua ile ilikuwa homa ya baridi yabisi. Wiki mbili tatu baada ya koo kuumwa, kinga ya mwili iliyoamka kupigana na bakteria inakosea adui, inashambulia viungo na moyo. Viungo hupona. Valvu hubaki na makovu, na kila koo jipya lisilotibiwa linaongeza kovu juu ya kovu.

Miaka ikapita nikiwa mzima kabisa, au niliona hivyo. Ni mimba ndiyo iliyonifichua. Mwezi wa sita wa mimba nilikuwa nikitoka sokoni Mbuyuni na kikapu kidogo napumzika njiani mara tatu. Nikaanza kulalia mito miwili, ikawa mitatu, mwishowe nikawa nalala nimekaa kwenye kiti. Zahanati niliyokwenda waliniambia ni pumu, wakanipa dawa ya kuvuta. Usiku mmoja nikakohoa povu lenye rangi ya waridi. Shemeji akatafuta gari, tukaenda hospitali ya KCMC.

Kipimo cha eko hakiumi. Wanakupaka jeli ya baridi kifuani kama wanavyopaka tumbo la mjamzito, wanapitisha kifaa, moyo unaonekana kwenye skrini unacheza. Daktari alinionyesha mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Kwa mtu mzima mwenye afya mlango huo hufunguka kwa upana wa sentimita za mraba 4 hadi 6. Wangu haukufika hata 1. Mimba huongeza damu mwilini karibu nusu ya ile ya kawaida, kwa hiyo damu nyingi ilikuwa inasukumana kwenye tundu dogo, inarudi nyuma, inajaa kwenye mapafu. Ndiyo maana nilikuwa nazama nikiwa kitandani. Walinipa dawa ya kukojoa ili kupunguza maji, na dawa ya kupunguza mwendo wa moyo ili upate muda wa kujaa. Mtoto alizaliwa salama, na mimi nikabaki.

Mlango ulikuwa umekakamaa mno, haukufaa kupanuliwa kwa puto kupitia mshipa wa paja. Nikapewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar es Salaam. Niliambiwa nichague valvu ya mnyama, ambayo haihitaji warfarini maisha yote lakini kwa kijana huchakaa mapema, au hiyo ya chuma. Sikutaka kifua changu kifunguliwe tena baada ya miaka kumi. Nikachagua chuma. Ya upasuaji siyakumbuki. Nakumbuka mto: unapewa mto uukumbatie kila unapotaka kukohoa, kwa sababu mfupa wa kidari umeunganishwa kwa waya na kikohozi kimoja kinaweza kukutoa machozi. Miezi mitatu sikunyanyua ndoo wala kukaa kwenye cherehani.

Sasa warfarini. Kitu kigeni kikiwa ndani ya moyo, damu hutaka kuganda juu yake. Bonge dogo linaweza kukwamisha valvu au kwenda kwenye ubongo likaleta kiharusi. Dawa hii inachelewesha kuganda. Jirani aliwahi kuniuliza kwa hofu kama ni kweli nakunywa sumu ya panya. Nilimwambia ukweli: ilianza kuuzwa mwaka 1948 kwa kazi hiyo, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu. Kinachotenganisha sumu na dawa hapa ni kiasi, na kiasi hicho hupangwa kwa kipimo cha damu kinachoitwa INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Mtu asiyetumia dawa ana 1 hivi. Mimi natakiwa niwe kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo naganda, juu ya hapo natoka damu.

Kosa langu la kwanza lilitokana na ushauri wa mgonjwa mwenzangu: usiguse mboga za majani. Nikatii. Miezi miwili sikula mchicha, kisamvu wala mnafu, na dozi yangu ikapangwa kufuatana na ulaji huo. Kisha baba mdogo akafariki, tukapanda Kibosho kwa siku nne. Msibani huchagui chakula. Mnafu ulikuwa kwenye kila sahani, na kusema kweli nilikuwa na hamu nao. Kliniki iliyofuata INR ilikuwa 1.6. Nilichomwa sindano za tumboni siku kadhaa za kuzuia damu isigande wakati dozi ikirekebishwa. Muuguzi akanikalisha chini: "Dada, hakuna aliyekukataza mboga. Sisi tunapanga dawa kwa kuangalia sahani yako. Ukibadilisha sahani usituambie, tunabaki kupiga ramli."

Majani yana vitamini K, ambayo ini huitumia kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Warfarini inaizuia kazi hiyo. Ukila majani mengi ghafla unaishinda dawa, ukiacha ghafla dawa inakushinda wewe. Kwa hiyo ninakula mboga, ila kwa kiasi kilekile: fungu moja Jumatano, fungu moja Jumamosi, mwaka mzima, mvua ikinyesha na mboga zikawa bure sokoni, au kiangazi zikapanda bei. Siku nyingine ni maharage, dagaa, mtori.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Tumbo lilinisokota, nikanunua metronidazoli duka la dawa bila kusema natumia nini. Siku ya tano nilikuwa nadarizi shela la bibi harusi, satini nyeupe. Sindano ikanichoma ncha ya kidole, jambo linalonipata kila wiki. Nilinyonya kidole kama kawaida, nikaendelea. Nikaona tone kwenye satini. Nikabana kwa kitambaa, nikahesabu dakika robo saa, nikaachia, tone lingine likajikusanya taratibu pale pale, jekundu, linang'aa. Hapo nikakumbuka kwamba asubuhi mswaki nao ulitoka na damu. Dawa ile ya tumbo ilikuwa imeipa warfarini nguvu kupita kiasi: INR ilikuwa 7.2. Walisimamisha warfarini na kunipa vitamini K kidogo sana ya kunywa, kwa kuwa ikizidi damu inageuka na kuganda kwenye valvu. Shela nililishona upya kwa fedha yangu.

Tangu siku hiyo nina daftari, lile la mistari la shule. Naandika tarehe, INR, dozi, mboga, na dawa yoyote nyingine iliyoingia mdomoni. Kadi ya warfarini naiweka kwenye meza ya duka la dawa kabla sijasema ninaumwa nini. Maumivu ni parasetamoli tu, si diklofenaki wala aspirini. Vidonge vya nusu navikata kwa wembe mpya Jumapili, vya wiki nzima, nameza taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza. Nikisahau, siongezi viwili kesho yake, naandika tu kwamba nilisahau. Kabla ya kung'oa jino nameza antibaiotiki niliyoandikiwa, kwa sababu vijidudu vya kinywani hupenda kujishikiza kwenye valvu. Nina kijiti cha kuzuia mimba mkononi pia, maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo. Mama mwenye valvu kama yangu akitaka mtoto aende kwa daktari wake kabla ya mimba, asisubiri hadi ishike.

Mwanangu sasa ana miaka tisa, umri ambao mimi goti lilivimba. Akisema koo linauma bila mafua, ana homa na tezi za shingo zimevimba, hatulali na hilo koo. Antibiotiki ikianza ndani ya siku tisa tangu koo liume, moyo unakingwa, na dozi tunaimaliza siku zote kumi hata akiwa ameshaanza kuruka kamba siku ya tatu. Mama yangu huja kumshika mkono asimeze nusu.

Mama hajui kusoma vizuri, lakini 2.5 na 3.5 anazijua kama umri wa wajukuu zake. Kila nikitoka kliniki anapiga simu kutoka Kibosho kabla sijafika kituoni. "Mwanangu, iko ngapi?" Juzi nilimjibu 2.9. Akanyamaza kidogo, akauliza mnafu ameshachuma, anitumie na hiace ya jioni au asubiri Jumamosi. Nikamwambia asubiri Jumamosi, mama, na liwe fungu moja.